Pasi ya nywele: moto uliotoka Paris ukafika Birere

Goma, Kivu ya Kaskazini. – Kule Birere, karibu na mpaka wa Gisenyi, pasi za nywele zinauzwa pamoja na chaja za simu, tochi na redio ndogo. Zipo nyeusi, zipo za rangi ya waridi, na karibu zote zina maandishi ya Kichina na Kiingereza. Mama akisimama mbele ya meza, swali la kwanza ni bei. Swali la pili ni kama inapata moto haraka. Muuzaji anaichomeka, anangoja kidogo, kisha anamwambia asogeze kidole aone. Mama anaruka, watu wanacheka, na biashara inaisha hapo. Pasi imesifiwa kwa sababu inaunguza.

Kumbe kwa karibu miaka 150 watengenezaji wa pasi hii wamekuwa wakihangaika na jambo moja tu: namna ya kuuzuia moto huo usiunguze. Anayejua safari hiyo hanunui kama yule asiyeijua. Na kwa akina mama waliokimbia Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, ambao siku hizi wanalisha watoto kwa kutengeneza vichwa vya watu, hili si jambo la urembo peke yake. Kichwa cha mteja mmoja kikiungua, habari inazunguka mtaa mzima kabla ya jioni. Pasi ikifa siku ya pili, mtaji umekwenda.

Historia yenyewe ianzie Paris. Mwaka 1872, katika mtaa wa Montmartre, kijana mmoja wa saluni aliyeitwa Marcel Grateau alianza kutumia koleo la chuma kwa namna mpya. Koleo hilo lilikuwa na mikono miwili: mmoja ni ufito wa mviringo, mwingine umechimbwa kama mfereji ili ufito ule uingie ndani yake. Alilipasha juu ya moto, akabana nywele, akazungusha kiganja kidogo, akasogea chini, akazungusha upande mwingine. Nywele zikatoka na mawimbi kama ya ziwa lenye upepo mdogo. Inasemekana majaribio ya kwanza aliyafanya kwenye nywele za mama yake mwenyewe.

Koleo la Marcel halikuwa na kitufe wala taa ya kuonyesha kuwa liko tayari. Mafundi waliofuata njia yake walipima moto kwa kipande cha karatasi nyeupe. Walibana karatasi: ikigeuka rangi ya kahawia, chuma ni kikali mno, kingoje kipoe. Karatasi ikibaki nyeupe, chuma kiingie kichwani. Kipimo hicho hakikugharimu kitu, na kiliokoa nywele nyingi za wanawake wa Ulaya. Marcel mwenyewe alipata mali. Mtindo wake ulidumu hadi miaka ya 1920 na zaidi.

Wakati huohuo, mbali sana na Paris, katika bonde la Uele kaskazini-mashariki mwa Kongo ya leo, watu walikuwa na ufundi wao wa nywele usiohitaji chuma cha moto. Mwaka 1870, miaka miwili tu kabla ya Marcel, msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu. Aliandika kwa mshangao juu ya nywele zilizosukwa na kuinuliwa kuelekea nyuma ya kichwa, ndani yake zikishikiliwa na matete. Picha za wanawake wa Mangbetu zilizopigwa baadaye, hasa zile za msafara wa magari ya Citroën uliopita Kongo mwaka 1925, zilizunguka dunia nzima. Zilitiwa kwenye mabango, na sura kama hizo zikatiwa kwenye stempu za posta za Kongo ya Wabelgiji. Wazungu walizitazama kama maajabu. Kwa Wamangbetu ilikuwa kazi ya mikono na ya masaa mengi, pengine ya siku nzima, na mwenye kusuka alijua kunyoosha nywele kwa kuzivuta na kuzifunga, si kwa kuzichoma.

Chuma cha moto kilipata maana nyingine kabisa kilipofika kwa watu weusi wa Marekani. Utumwa ulikwisha kule mwaka 1865, lakini dharau haikuisha. Mwanamke mweusi aliyetafuta kazi ya nyumbani, ya ualimu au ya duka alitazamwa ngozi, kisha akatazamwa nywele. Wengi wao hawakuwa na maji ya bomba. Waliosha kichwa mara chache, kwa sabuni kali za kufulia, na ngozi ya kichwa ikawa na vidonda na mba. Nywele zilikatika. Kwa hiyo haja ya kwanza haikuwa nywele zilizonyooka bali nywele zinazobaki kichwani.

Mwaka 1893 mwalimu mmoja mweusi wa Indianapolis, Ada Harris, aliomba hati ya uvumbuzi ya chombo cha kunyoosha nywele. Mwaka 1909 Mmarekani mwingine, Isaac Shero, alipata hati ya chombo chenye vyuma viwili bapa vinavyopashwa moto na kubanwa pamoja. Huyo ndiye babu wa pasi zinazouzwa Birere leo. Lakini jina ambalo watu wengi wanalikumbuka ni la mwanamke ambaye hakuvumbua chombo chochote kati ya hivyo.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, Louisiana, akaitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa watumwa kwenye shamba la pamba. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza wa familia kuzaliwa huru. Alipata uyatima akiwa na miaka saba, akaolewa akiwa na miaka 14, akabaki mjane mwenye mtoto akiwa na miaka 20. Akahamia St. Louis, akafua nguo za watu kwa miaka mingi. Nywele zake zilipoanza kutoka, akatumia dawa za Annie Turnbo, mwanamke mweusi aliyekuwa na biashara kubwa ya nywele mjini humo, na kwa muda akawa mmoja wa wauzaji wake. Mwaka 1905 alihamia Denver. Mwaka uliofuata aliolewa na Charles Joseph Walker, na tangu hapo dunia ikamjua kama Madam C. J. Walker.

Wengi husema ndiye aliyevumbua kichanuo cha moto. Si kweli. Vichanuo vya chuma vilikuwa vinauzwa kabla yake, na Wafaransa walikuwa wanavitumia. Alichokifanya Walker ni kukiweka kichanuo hicho ndani ya utaratibu: kuosha kichwa mara kwa mara, kupaka mafuta yenye salfa kutibu ngozi, kupiga brashi, kisha chuma cha moto mwishoni. Na yeye mwenyewe hakupenda kuitwa mnyoosha nywele. Alisema kazi yake ni kukuza nywele na kuziponya.

Kwa mama wa kambini au wa nyumba ya kupanga, sehemu ya kutazama ni hii inayofuata. Walker hakuuza makopo ya mafuta tu. Alifundisha. Mwanamke aliyekuwa mfuaji au mpishi alijifunza utaratibu ule, akapewa vyombo, akaenda kuufanya nyumba kwa nyumba kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1910 Walker alihamishia biashara Indianapolis na kujenga kiwanda. Alipofariki tarehe 25 Mei 1919, maelfu ya wanawake walikuwa wameishi kwa kazi hiyo. Annie Turnbo naye, aliyekuja kuitwa Malone, alifungua chuo huko St. Louis mwaka 1918 na kuwafundisha wengine kwa maelfu. Wanawake hao hawakuwa na mtaji wa duka. Walikuwa na kichanuo, jiko, kopo la mafuta na mikono iliyofundishwa. Yeyote aliyeona msichana aliyehama akitoka na mfuko wake wa vifaa asubuhi kwenda kusuka mtaa wa pili anaijua biashara hiyo.

Kichanuo cha moto kilikuwa na ubaya wake, na hapa watu wa zamani hawakudanganywa. Kiliwekwa juu ya jiko, kikatolewa kikiwa chekundu au kikiwa baridi, kadiri ya bahati. Mafuta mengi kichwani yaliyeyuka yakateremka kwenye ngozi na kuichoma. Masikio ya watoto yalikuwa na alama. Mwaka 1968 madaktari wa ngozi wa Marekani waliandika juu ya wanawake weusi waliopoteza nywele katikati ya kichwa kwa namna isiyorudi, wakakilaumu kichanuo cha moto. Madaktari waliofuata waliona kwamba hata wanawake wasiotumia kichanuo hicho wanapata ugonjwa huo, wakaubadilisha jina. Kichanuo hakikuthibitishwa kuwa ndicho chanzo. Lakini ushauri mmoja ulibaki, na mpaka leo haujapingwa: mwanamke akiona kipara kidogo utosini kinachowasha au kuuma, aache moto na aache kuvutwa nywele, aende kwa muganga wa hospitali mapema.

Kwa nini chuma kinanyoosha, tena kwa nini mvua inarudisha kila kitu? Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini. Ndani yake kuna vifungo vidogo vinavyolegea kwa maji au kwa joto, kisha vinajifunga tena katika umbo jipya nywele zikipoa. Ndiyo maana pasi ileile inaweza kunyoosha au kutia mawimbi: umbo ambalo nywele zinapoa nalo ndilo zinalobaki nalo. Unyevu ukirudi, vifungo vinalegea tena. Kwa Goma, na ziwa lake na mvua zake za Aprili, mteja ajue mapema kwamba kazi ya asubuhi inaweza kuharibika saa tisa. Dawa ya kunyoosha, ile inayoitwa defrizan, ni jambo lingine: yenyewe inavunja vifungo vikubwa visivyorudi, na kichwa kilichotiwa dawa hiyo juzi hakipaswi kupigwa pasi kali leo.

Hatari kubwa iko kwenye nywele mbichi. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakibanwa na bamba la moto yanachemka palepale, mvuke unatafuta pa kutokea, na unywele unabaki na mapovu ndani kama mkate. Siku mbili baadaye unakatika. Ile sauti ya “shshsh” ambayo wengine wanaipenda kwa kudhani dawa inafanya kazi, mara nyingi ni unywele unaoharibika.

Sasa Kongo. Nywele zilizonyooshwa na mawigi vilienea mijini katika miaka ya 1960, Kinshasa kwanza, kisha miji mingine. Halafu siasa ikaingia kichwani, tena si kwa mfano. Mwaka 1971 Mobutu aliita nchi Zaire, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakaachwa. Katika siasa hiyo ya kurudi kwenye uasili, wanaume walivuliwa tai na kuvalishwa abakosti, na wanawake wakakatazwa mawigi na mafuta ya kung’arisha ngozi. Kitenge kikawa vazi la heshima. Nywele za kufunga kwa uzi mweusi, zilizosimama kama miiba au kuunganishwa juu kama daraja, zikapata fahari mpya.

Mama aliyekuwa msichana wakati huo anaweza kulikumbuka jambo hilo kwa njia mbili. Upande mmoja, kwa mara ya kwanza serikali ilisema kichwa cha Mwafrika ni kizuri kilivyo. Upande mwingine, ni mwanamume mmoja, akiwa na jeshi nyuma yake, aliyeamua mwanamke avae nini kichwani. Wakoloni walikuwa wamedharau nywele hizo, naye akaziamrisha. Kati ya yote mawili, mwenye kichwa hakuulizwa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai zikarudi. Mawigi hayakungoja tangazo.

Pasi ya umeme iliyo ya kawaida leo ilikuja kwa wingi baada ya hapo. Huko Ulaya saluni zilianza kugombania pasi zenye mabamba ya kauri miaka ya mwanzo ya 2000, hasa baada ya kampuni ya Uingereza ghd kuanza kuziuza mwaka 2001. Muda si mrefu viwanda vya China vikatoa za bei ya chini, na wafanyabiashara Wakongomani waliokwenda Dubai na Guangzhou wakazileta kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Kilichobaki ni umeme. Goma iliteseka kwa giza miaka mingi. Mwaka 2015 mtambo wa maji wa Matebe, huko Rutshuru, ulianza kazi, na laini yake ikafika mjini. Saluni ndogo ziliota kila kona. Lakini laini inayopita kwenye uwanja wa vita inajulikana, na mwenye saluni anajifunza kuwa na mbabula ya makala nyuma ya mlango.

Hapa ndipo historia yote hiyo inakuja juu ya meza ya Birere. Kitu ambacho Marcel hakuwa nacho, na mwanamke wa mwaka wa 2020 na kitu anaweza kuwa nacho, ni kitufe cha kupanga joto. Pasi isiyo na kitufe hicho ni koleo la mwaka 1872 lenye waya. Inapanda hadi mwisho wake, na mwisho huo pengine ni digrii 220 au 230. Nywele nyembamba, nywele za mtoto na nywele zilizotiwa rangi zisivuke digrii 150. Nywele nene zenye afya zinatosheka na 180. Kupita 200 kuna faida ndogo na hasara kubwa. Kwa hiyo kati ya pasi yenye mabamba ya “titani” yaliyoandikwa kwa dhahabu bila kitufe, na pasi ya kawaida ya kauri yenye namba, ya pili ndiyo ya kununuliwa hata kama muuzaji anacheka.

Mabamba yenyewe yapitishiwe kidole yakiwa baridi. Yakiwa na mkwaruzo, au yasipokutana vizuri yakifungwa, yatavuta na kukata. Wanaotaka kutia mawimbi watafute pasi yenye kingo za mviringo, maana kingo kali zinaacha mkunjo kama wa karatasi. Mabamba membamba, ya vidole viwili, yanafika kwenye mizizi ya nywele fupi. Mapana ni ya nywele ndefu na ya meshi, lakini meshi za plastiki hazipigwi pasi, zinayeyuka na kuharibu bamba milele.

Halafu kuna pasi za zawadi. Ndugu walioko Marekani wanatuma chombo kizuri, kipya, cha bei. Kinachomekwa Goma, kinatoa moshi, watu wanalia. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Kongo ni 220. Pasi ya volti 120 ikipata 220 inavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya ile iliyojengewa, haina budi kuungua. Kabla ya kuichomeka, isomwe chini ya mkono wake. Ikiwa imeandikwa 100–240V, haina shida, inataka adapta ya plagi tu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, mwenyewe atafute transfoma au aiache.

Na kwa familia zilizotawanyika tangu kambi kubwa zilizozunguka Goma zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, ambazo nyingine ziko kwa ndugu na nyingine zimerudi vijijini ambako waya haujafika, kuna hesabu nyingine ya kusoma: herufi W. Mashine ya kukausha nywele inakula wati 1500 na zaidi, hiyo hata isifikiriwe kwenye sola. Pasi ndogo ya nywele inaweza kula wati 40 tu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Ikitumiwa nusu ili isife mapema, zinabaki 120. Kibadilishaji umeme kinakula kidogo, hivyo pasi ya wati 40 inafanya kazi masaa mawili na nusu hivi. Hiyo ni vichwa viwili, pengine vitatu, bila kuwasha grupe.

Pasipo betri, uzi upo. Nywele zilizooshwa, zikafungwa kwa uzi mweusi tangu mzizi hadi ncha, zikalala hivyo usiku mmoja, zinafunguliwa asubuhi zikiwa zimenyooka kwa namna inayotosha kusukwa au kubanwa. Ni ufundi ambao bibi wengi wa Kivu wanaujua na wajukuu wao wanaanza kuuomba tena, bure, bila harufu ya kuungua.

Wengine bado wanatumia kichanuo cha chuma juu ya mbabula, kwa sababu ndicho walichonacho. Kwao kile kipande cha karatasi nyeupe hakijapitwa na wakati. Ukurasa wa daftari la mtoto unatosha. Kichanuo kinatolewa kwenye makala, kinafutwa majivu, kinawekwa kwenye karatasi, mtu anahesabu hadi tano, anatazama rangi. Kama karatasi imegeuka, mteja anangoja kidogo, wanaendelea na mazungumzo.